Furu madume wawili kwenye tangi moja: kosa nililolifanya mara tatu

Kijana anayeniuzia chambo mwaloni Kirumba aliniuliza, "Mzee, hawa unaenda kutegea sangara?" Nikamwambia hapana, naenda kuwafuga. Akaniangalia, akaiangalia ndoo, akacheka mpaka wenzake wakageuka. Sikumlaumu. Kwetu Mwanza furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni wa kutiwa kwenye ndoana au wa kuanikwa juani. Mtu mzima akimjengea nyumba ya vioo, watu wanaanza kuulizia afya yake.

Lakini mwangalie vizuri dume la furu wa mawe: mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari meusi ya kusimama. Huyo kwa jina la kisayansi ni Pundamilia nyererei, alipewa jina la Mwalimu mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu aliong'atuka. Nilinunua wawili. Niliwaza watapeana kampani.

Asubuhi ya tatu mmoja alikuwa amejibanza kwenye kona, juu kabisa, nyuma ya bomba la filta. Mapezi yamechanika vipandevipande, wekundu wote umekwisha, amebaki wa kijivu kama jike. Nikadhani anaumwa, nikahangaika kutafuta dawa. Haukuwa ugonjwa. Dume aliyeshindwa huficha rangi yake ili asionekane mshindani. Kesho yake alikuwa amekufa.

Nikanunua tangi kubwa zaidi, nikaweka wawili tena. Yaleyale. Nikaweka watatu: mbabe akammaliza wa kwanza, akapumzika siku mbili, akahamia kwa wa pili. Hapo ndipo nilipoacha kulaumu samaki nikaanza kujilaumu mwenyewe.

Ziwani dume hushika kipande chake cha mwamba na kufukuza anayesogea. Anayefukuzwa anaogelea mita chache na kesi imeisha. Kwenye kioo cha sentimita 120 hizo mita chache hazipo. Na wakiwa wawili, hasira yote ya mmoja inamwangukia mwenzake kutwa nzima. Wakiwa wengi, mbabe akimkimbiza huyu, yule amekwishaingia nyumbani kwake, inabidi ageuke. Anachoka. Kwa hiyo ushauri wangu, ingawa utakushangaza: weka dume mmoja tu, au weka wanane. Wawili na watatu waache kabisa.

Wanane hao waingize siku moja, taa ikiwa imezimwa. Usiongeze mmoja mmoja kila mwisho wa mwezi. Mgeni anayeingia peke yake anakuta mtaa mzima una wenyewe. Ukilazimika kuongeza, toa mawe yote kwanza uyapange upya, ili hata wenyeji wawe wageni. Na mbabe aliyezidi mtoe yeye, si anayepigwa. Wangu alikaa wiki nzima kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, na aliporudi nyumba yake ilikuwa na mwingine.

Mawe ndiyo kazi hasa, na mawe Mwanza hatununui. Haya yetu ya graniti hayabadilishi maji, yasugue kwa brashi na maji moto bila sabuni. Yalaze moja kwa moja kwenye kioo cha chini, ndipo mchanga ufuate. Mimi nilitanguliza mchanga. Furu wanachimba, usiku mmoja jiwe likateleza, kioo kikapata ufa, na mke wangu ndiye aliyetangulia kukanyaga maji sebuleni. Sitaeleza yaliyosemwa. Panga mpaka yafike karibu na juu, yawe na mapango yenye milango miwili, kwa sababu pango la mlango mmoja ni mtego. Kisha chuchumaa upande mmoja wa tangi, jicho usawa wa maji. Ukiona mpaka kona ya pili, hujamaliza. Samaki asiyemwona mwenzake hamkimbizi.

Halafu rangi. Dume mwekundu humchukia zaidi mwekundu mwenzake. Dume wa aina nyingine, kama wa buluu, humwachia nafasi kidogo. Ukichanganya rangi, vita hupungua. Ila hapo kuna shimo: majike wa aina hizi wanafanana mno, na wanapochanganyika huzaa machotara. Ole Seehausen na wenzake, waliofanya utafiti hapahapa kwenye ziwa letu, waliandika mwaka 1997 kwamba jike humchagua dume kwa rangi, na ukimwekea mwanga unaofuta tofauti ya rangi hachagui tena. Ndiyo maana maji yanapochafuka kule ziwani aina zinachanganyika. Basi amua mapema: ukitaka rangi nyingi, weka madume peke yao. Ukitaka vifaranga, aina moja tu, majike wengi kuliko madume, na taa nyeupe. Jike akigoma kula na kidevu kikavimba, ana mayai mdomoni. Mwache kama wiki tatu hivi. Na chochote kilichozaliwa tangini kisirudi ziwani, hata ukihama nyumba.

Samaki wengi maana yake uchafu mwingi. Tangi langu ni la lita 270 na nina filta mbili, nabadilisha robo ya maji kila wiki. Ya bomba yana klorini, nayaacha kwenye pipa wazi siku nzima pampu ikipuliza hewa. Tangi jipya lisipokee samaki wanane siku ya kwanza: bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, huchukua wiki nne mpaka sita kujijenga. Ukiweka kipande cha sifongo chafu kutoka filta ya rafiki, chenye bakteria hao tayari, utaokoa muda mwingi.

Chakula kidogo kidogo, mara mbili kwa siku. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kujaa kwenye taa za baraza, nawafagia asubuhi. Furu wanawagombania kuliko chakula cha dukani.

Umeme ukikatika, muda si rafiki yako, maana samaki wengi humaliza hewa haraka. Pampu ndogo ya betri iwe ndani ya nyumba kabla ya samaki. Kuna usiku umeme ulikatika nami sikuwa nayo, nilikaa mpaka saa tisa usiku nikichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, na hakufa hata mmoja.

Yule kijana wa mwaloni siku hizi akipata wa buluu ananipigia simu, na bei yake ni mara tatu ya chambo.