Maua ya karatasi za kahawa yanalegea: subiri zikauke

Pole dada. Unasema maua yako ya karatasi za kuchujia kahawa yanalegea, rangi inapauka, na harusi ya mdogo wako ni wiki tatu zijazo. Muda unatosha.

Nahisi unaunda ua karatasi zikiwa bado na unyevu. Mimi nilifanya hivyohivyo mara ya kwanza, nikapata kitu kama kabichi iliyochemshwa. Chukua zile nyeupe za duara, zenye ukingo wa mikunjo. Zimetengenezwa zivumilie maji ya moto, kwa hiyo hazichaniki ovyo kama tishu. Koroga rangi ya chakula kwenye maji kidogo, iwe nzito kuliko unavyotaka, maana ikikauka hufifia. Usizamishe karatasi yote: kunja mara nne, chovya ukingo tu, kisha uiache. Rangi itapanda yenyewe taratibu kuelekea katikati, na hapo ndipo ua linapata ule wekundu unaoyeyuka kuwa waridi. Zianike juu ya gazeti kuukuu hadi zikauke kabisa. Usiku mzima, usiwe na haraka.

Kwa waridi moja natumia karatasi nane. Ya kwanza izungushe kwa kubana kwenye ncha ya waya, zinazofuata zilegeze kidogokidogo, ukifinya chini kila mara. Funga kwa uzi, gundi huteleza. Mwisho viringisha kingo za petali kwa penseli.

Ukiyamaliza, yaweke mbali na jua la dirishani. Rangi ya chakula hailipendi.