Mnaoanza kusoma nchi zilizotoka kwenye ukomunisti, anzeni na foleni za madukani

Wadogo zangu, kama ndo umepewa hii mada naomba nikwambie kitu nilichochelewa kukijua. Mwaka wa kwanza nilibeba takwimu za nchi kama kumi nikazipanga kwenye jedwali moja nikaona kazi imeisha, mwalimu akairudisha na swali moja tu: nyama ambayo haipo buchani, bei yake ni ngapi?

Chukua Poland. Tarehe 1 Januari 1990 waziri wa fedha Leszek Balcerowicz aliachia bei nyingi zijipange zenyewe sokoni, mwaka ule mfumuko wa bei ukapita asilimia 500 na uzalishaji ukaporomoka, ukisoma hapo tu utasema nchi imekufa. Lakini kabla ya hapo bei zilikuwa za chini na maduka matupu, watu wanashinda kwenye foleni, na yale masaa ya foleni hakuna jedwali linaloyahesabu. Bei zilipoachiwa bidhaa zikarudi. Sisemi watu hawakuumia, waliumia sana, 1993 ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 16, hilo usiliruke kabisa maana siasa yote inayofuata inatoka hapo. Mwaka huohuo wapiga kura wakakirudisha chama cha waliokuwa wakomunisti, 1995 Kwaśniewski wa chama hicho akamshinda rais Wałęsa kwenye uchaguzi na Wałęsa akatoka ikulu, na hao waliorudi hawakurudisha bei za kupangwa na serikali. Poland inaingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, rais ni Kwaśniewski yuleyule. Kwangu mimi hayo ndo maendeleo ya kisiasa, aliyeshindwa anaondoka na anayeingia habomoi kila kitu.

Sasa weka Urusi pembeni. Huko nako bei ziliachiwa, Januari 1992, ila 1995 serikali haina hela ikakopa kwenye mabenki ikaweka rehani hisa za makampuni makubwa ya mafuta na nikeli, mkopo haukulipwa, mali ikabaki kwa watu wachache kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo usiishie kuuliza wamebinafsisha asilimia ngapi, uliza nani aliruhusiwa kuingia kwenye mnada wa hizo hisa.

Na tafadhali usifunge daftari 2004, kuingia Umoja wa Ulaya si mwisho wa safari. Hungaria iliingia siku ileile na Poland, halafu 2010 Viktor Orbán, kiongozi wa chama cha Fidesz, akapata theluthi mbili ya viti vya bunge, mwaka uliofuata chama chake kikapitisha katiba mpya peke yake.