Kabla Hujakodi Mashine Msimu wa Mvua, Kagua Udongo

Mtu akinipigia simu kutoka Ahero au Nyamasaria, huku Kisumu, akitaka mashine ya kusawazisha ploti, kabla hatujafika kwenye bei namuuliza: ni udongo mweusi? Akisema ndiyo, na mvua imeshaanza, namsihi aachane na loda (mashine ya kuzoa na kusukuma udongo) ya magurudumu, atafute loda ndogo yenye mikanda ya mpira, hata kama saa yake ni ghali zaidi.

Udongo mweusi wa uwanda wa Kano mnaujua. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukinyeshewa unavimba na kunata. Tope likishajaa kwenye meno ya tairi, gurudumu linazunguka palepale mpaka mashine inalalia tumbo. Hapo utatafuta trekta la kuivuta, huku mwenye mashine akiendelea kukuhesabia saa. Mkanda unatandaza uzito: loda ndogo ya mikanda kwa kawaida hukandamiza ardhi kwa kilopaskali (kipimo cha presha) 30 hadi 40 hivi, ilhali ya magurudumu yaweza kufika 200.

Tope ndilo lililoleta teknolojia hii ya mikanda tangu mwanzo. Benjamin Holt alijaribu trekta lake la minyororo karibu na Stockton, California, Novemba 1904, kwa kuwa matrekta mazito ya mvuke yalikuwa yakizama kwenye mashamba laini ya huko. Loda ndogo ilizaliwa na shida tofauti kabisa: nafasi. Mwaka 1957 ndugu wawili wa Minnesota, Cyril na Louis Keller, waliunda ya magurudumu matatu ili mfugaji wa batamzinga aweze kuzoa mbolea ndani ya banda lenye nguzo. Kampuni ya Melroe ikaichukua, ikatoa modeli ya M-400 ya magurudumu manne mwaka 1960, na jina Bobcat likafuata 1962. Mnamo 1986 Takeuchi wa Japani wakaleta loda ndogo ya mikanda ya mpira. Kwa ploti zetu zilizobanana, zenye tope hadi kwenye geti, naona huo ndio uvumbuzi uliotufaa kuliko wote.

Lakini ukipanda vilima vya Riat, geuza ushauri huu. Mawe ya kule ni makali na hukata mpira, na mkanda mpya ni pesa nyingi mno. Huko chukua magurudumu. Na popote uendako, mashine ya mikanda ibebwe kwa lori. Lami huila haraka.

Siku ya kuipokea, inama uangalie chini. Mashine ikiwa imeinuliwa na kuegemezwa salama, mkanda uning'inie kidogo tu katikati, kwa kipimo cha kitabu chake. Ukilegea sana utachomoka mashine ikikata kona. Ukikazwa mno utachosha beringi na roli, yale magurudumu madogo yanayozunguka ndani ya mkanda. Tafuta nyufa zinazoonyesha nyaya za chuma ndani. Opareta akitaka kulegeza mkanda, afungue polepole vali ya grisi (grisi ndiyo hukaza mkanda), uso ukiwa mbali, maana grisi ile iko kwenye presha ya kutoboa ngozi. Mwambie pia akate kona pana, asizungukie palepale.

Jioni, kabla opareta hajaondoka, tope litolewe kwenye roli kwa koleo. Likikauka usiku, asubuhi linakuwa gumu na roli zinakataa kuzunguka. Kubaliana naye mapema nani atafanya kazi hiyo, na muiandike kwenye mkataba pamoja na bei ya saa.