Ukikopa Chai ya Asubuhi, Lipa

Tangu nikiwa mwanafunzi, asubuhi nakula kwa Mama mmoja hapa mtaa wa Mabanga, Goma, mashariki mwa Kongo. Kibanda ni cha mbao, chini ni mawe meusi ya volkano. Ukichelewa hadi saa moja na nusu, benchi lote limeshikwa na wenye pikipiki na wasukuma chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao ya kubebea mizigo, na sufuria inakwanguliwa. Saa kumi na mbili na nusu ndiyo saa yake. Maharagi yako motoni tangu usiku, mchuzi umekuwa mzito hadi chapati inasimama ndani. Juu yake chai ya maziwa ya tangawizi na, siku ambayo samaki wamefika mapema kutoka soko la Kituku, sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Chakula hicho kinakufikisha jioni.

Ninachotaka kukwambia ni habari ya daftari lake.

Mama anakopesha. Wengine hajui majina yao, kwa hiyo anaandika "Moto Nyekundu" kwa mwenye pikipiki nyekundu, "Mwalimu", "Chukudu ya Buhene". Ukilipa, anapiga mstari mbele yako kwa kalamu, polepole, kisha anakuonyesha.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mlima wa volkano Nyiragongo ulipolipuka, lava ilisimama kule Buhene, kaskazini mwa mji, haikutufikia. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 tukaambiwa mitaa kumi ihame, Mabanga ikiwemo. Nilikimbilia mji wa Sake nikiwa na deni la franka 11.500. Tuliporudi, Mama alikuta gunia lake la maharagi limeibiwa. Kilichobaki ni daftari, alilokuwa amelifunga kwenye nailoni na kulibeba kifuani njia nzima.

Hakumdai mtu. Waliokuja kulipa wenyewe ndio waliomnunulia unga wa kwanza. Mimi nilikaa majuma matatu nikipita barabara ya nyuma, kwa haya tu, pesa ninayo. Siku niliyoingia nilikuta anauza chai kavu, maziwa hayapo. Nilipomkabidhi pesa alisema, "Asante, mwanangu, kesho nitaweka maziwa." Neno hilo liliniuma kuliko angenigombeza.

Basi, kopa, hakuna ubaya, mshahara wa huku tunaujua. Ila taja siku, na siku ikikushinda nenda ukamwambie asubuhi ileile. Anapanga soko la kesho kwa pesa yako. Usimkopee rafiki ambaye Mama hamjui. Ukipata kidogo, punguza kidogo, hata franka 1.000 anaziandika. Na usibadili njia. Anayepita nyuma anamnyima Mama pesa ya deni, na pia sahani ambayo angeinunua leo.

Kama una deni sasa hivi, nenda kesho kabla benchi halijajaa, mikono yake ikiwa bado haina unga. Lipa kwanza, subiri apige mstari, ndipo uagize.