Mwalimu wa Misitu Awe Amesomea Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Kemia, Baiolojia na Jiografia, na ameng'ang'ania kusomea misitu. Tulipopitia orodha ya wahadhiri wa idara moja tulimkuta mchumi, mtaalamu wa sosholojia na mpima ardhi, huku waliosomea misitu tangu shahada ya kwanza wakiwa kama nusu tu. Je, hapo mtoto atafundishwa misitu kweli? – Mzazi, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Mzazi wa Tabata, mchanganyiko huo ni wa kawaida, na sababu yake unaweza kuiona katika gunia la mkaa linaloshushwa mtaani kwako. Mkaa huo aghalabu umetoka katika miti ya miombo iliyosimama kwenye ardhi ya kijiji, na kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Anayefundisha jinsi visiki vinavyochipua baada ya kukatwa lazima awe mtu wa misitu, lakini kwa nini mchomaji auze gunia kwa bei ya kutupa barabarani ni swali la mchumi, na kwa nini mkutano wa kijiji huvunjika pale mipaka inapotajwa atakueleza vizuri zaidi mtu wa sosholojia, hasa kama amewahi kuketi kwenye mikutano hiyo mpaka jua likazama.

Yapo, hata hivyo, masomo ambayo mimi nisingependa yaachiwe mtu wa fani nyingine, na la kwanza ni upimaji wa miti. Kwenye ubao linaonekana jepesi: kipenyo cha shina hupimwa kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Ukifika porini mti umeota kwenye mteremko, na hapo unatakiwa kupimia upande wa juu; mwingine umegawanyika chini ya kimo hicho, na kila shina litahesabiwa peke yake; wa tatu umezongwa na mtambaazi, na utepe usipopitishwa chini yake utapima na usichokusudia. Mti wa sentimita 30 ukiandikwa 32, eneo la mkato wa shina lake huongezeka kwa takriban asilimia 14, na kosa hilo likirudiwa kwenye kila mti, kijiji kitaruhusiwa kuvuna mbao ambazo hazipo. Mwalimu aliyejifunza haya vitabuni peke yake atayafundisha kama yalivyo vitabuni.

Kwa hiyo unaposoma wasifu wa mwalimu, usiishie kwenye shahada ya uzamivu. Angalia kama aliwahi kuwa ofisa misitu wa wilaya, kama amefanya kazi katika shamba la miti kama Sao Hill kule Mufindi, au kama utafiti wake ulimlaza porini. Katika vyuo vya astashahada na stashahada kama Olmotonyi, Arusha, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1937, uzoefu wa namna hiyo una uzito wa pekee, kwa kuwa wahitimu wengi huenda moja kwa moja kushika utepe na panga. Kwa upande wa shahada, mafunzo ya misitu yalianza Morogoro mwaka 1973, wakati kampasi hiyo ingali chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Chuo hicho kina misitu yake ya mafunzo, mmoja Olmotonyi na mwingine Mazumbai katika Usambara Magharibi.

Kijana akienda kuuliza habari za kujiunga, asiulize ada na hosteli tu. Aulize pia mafunzo kwa vitendo ni ya wiki ngapi, na wanafunzi wanapoingia msituni, ni mwalimu gani anayeingia nao.