Muulize alikuwa amesimama wapi

Mwanangu,

Meseji yako niliipata juzi usiku nikasema hii sijibu kwa haraka, maana umeuliza mawili kwa mpigo na yote mazito. Mwenzio wa kazini kaandika kurasa nne kuhusu makundi ya nyota, kakupa uzisome akakuomba umwambie ukweli, wewe ukamjibu "hongera kazi nzuri" na tangu siku hiyo roho inakusuta kwa sababu makosa uliyaona. Afu chini ukaongeza, mama mbona mimi nikikosolewa kidogo tu naumia siku tatu, nifanyeje. Basi zile kurasa ulizonitumia nimezisoma, tena sikuzisoma kitandani, nimetoka nazo nje.

Unajua masika ya huku Pangani, mwezi wa tano ukipata anga safi lisaa limoja unashukuru Mungu. Jana kwenye saa mbili na nusu usiku mawingu yakafunguka, nikafunga tochi ya simu kwa kitambaa chekundu ili mwanga usiniharibie macho, nikabeba kiti mpaka ufukweni, nikawa nasoma sentensi moja naangalia juu, nasoma nyingine naangalia juu. Kaandika kwamba kwanza utafute nyota ya kaskazini, na kwamba zile nyota mbili za ukingoni za kundi la Dubu Mkubwa zitakuonyesha njia. Nikamtafuta Dubu, kweli yupo, kaskazini, kageuka juu chini. Zile mbili nikazipata, nikafuata mstari wake kwa kidole taratiiibu, mstari ukashuka, ukashuka, ukaishia kwenye miembe ya jirani. Nyota hamna. Na haiwezi kuwepo mwanangu, sisi tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta na ile nyota imekaa karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, kwaiyo kwa mtu wa Pangani iko chini ya upeo usiku kucha mwaka mzima, na nyie huko Dodoma mko nyuzi 6 ndo kabisaa. Huyu kijana hakukusudia kudanganya, kachukua maneno ya mtu aliyekuwa amesimama Ulaya akayaleta kwetu bila kutoka nje kuyajaribu.

Sasa hilo unamwambiaje? Ngoja nikusimulie kitu ambacho sijawahi kukwambia.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tuliambiwa tuandike insha ya kitu tulichofundishwa nyumbani, mi nikaandika kuhusu Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogondogo zilizobanana, vile babu yako alivyokuwa anakiangalia kujua msimu wa kulima, na ule msemo wake kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Niliandika kwa moyo wangu wote. Mkufunzi akanirudishia karatasi ina maneno mawili tu kwa wino mwekundu, juu kabisa, "Si kweli." Basi. Hajasema kipi. Inawezekana alimaanisha pale nilipoandika nyota saba maana watu wengi wakihesabu kwa macho wanapata sita, inawezekana ni ule msemo, inawezekana hakupenda mambo ya wazee, mpaka leo sijui. Ile karatasi niliikunja nikaitia chini ya sanduku na sikuandika tena kitu cha nyota mpaka wewe umemaliza shule.

Sasa nilipoanza tena, nilimsomea mzee mmoja mvuvi hapa mtaani, marehemu sasa hivi. Nilikuwa nimeandika kuhusu Orion, lile kundi la nyota la mwindaji, anapochomoza mwezi wa kumi na mbili, nikasema anasimama wima kama mlinzi. Mzee wa watu alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema nimekosea, akaniuliza tu, "Mwalimu, hapo ulikuwa umesimama wapi, na ilikuwa saa ngapi?" Nikakosa jibu, kwa sababu sikuwa nimesimama popote, nilikuwa nimekaa mezani na kitabu. Mwezi wa kumi na mbili ulipofika nikatoka saa mbili usiku nikaangalia mashariki, Orion huyo kalala ubavu, ile nyota nyekundu ya begani iko kushoto chini karibu na bahari, ile nyeupe ya mguuni iko kulia juu yake, na zile tatu za mkanda katikati zimekaa mshazari. Nilirudi ndani nikaandika upya usiku uleule. Na sikuumia hata kidogo, nilikuwa na hamu.

Kwaiyo swali ndo hilo mama, mkaribishe nalo huyo mwenzio. Muulize alikuwa amesimama wapi. Ukisema "umekosea" anaanza kujitetea, lakini ukimwambia "nilitoka na karatasi yako saa fulani, nikafuata ulivyosema, nikapotea hapa", hapo unampa kitu cha kushika, na anaona kabisa kazi yake umeiheshimu mpaka ukaenda nayo kwenye giza. Ndo maana nakwambia usimjibu chochote kabla hujatoka nje wewe mwenyewe. Mtu akikupa maandishi ya mapishi unapika, akikupa ya nyota unaangalia juu.

Afu kuna kile kisa alichoandika ukurasa wa tatu, cha Wagiriki, kwamba Orion aliuawa na nge ndo maana hawakai angani pamoja, huyu akichomoza yule keshazama. Hapa nilikaa sana. Maana jana ilipofika hiyo saa mbili na nusu nikageuka magharibi nikamwona Orion kwenye minazi, hajazama, ile nyekundu ya begani inawaka vizuri tu, nikageuka kwenye bahari, kusini mashariki, na Nge huyo ameshatoa kichwa na ule moyo wake mwekundu uko juu kidogo ya maji, ndo ile nyota Waarabu wa zamani waliiita moyo wa nge. Wote wawili mwanangu, wanatazamana, mmoja huku mmoja kule na mimi katikati na kiti changu. Nikasimama. Kule Ugiriki kisa kinakubali kwa sababu wao wako mbali kaskazini na Nge anachelewa sana kutoka, lakini kwetu anawahi, na kwa zaidi ya saa nzima unawaona wote. Hili usimwambie kama kosa nakuomba. Mwambie kwamba hapa ana kitu cha kwake ambacho hao aliowanakili hawana, atoke nje mwenyewe akione halafu aandike alichokiona, mi naona makala yake inatakiwa ianzie hapo.

Yale mengine madogo myapitie haraka. Amesema makundi yote 88 ni ya Wagiriki, sio hivyo, Ptolemaio, yule mtaalamu wa nyota wa zamani aliyeandika kwa Kigiriki, aliorodhesha 48, na zile za kusini kabisa waliziongeza mabaharia na wataalamu wa nyota wa Ulaya karne nyingi baadaye, hiyo orodha ya 88 ilipitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 1922. Mstari mmoja unatosha, asahihishe aendelee.

Na usisahau palipo pazuri, ila usiseme pazuri tu, sema ni wapi. Ile aya ya umeme kukatika, mtoto wake kamshika mkono kamuuliza baba kwanini zile tatu zimejipanga, na yeye hakuwa na jibu wakakaa kimya wanaangalia, pale nilirudia mara mbili. Hakuna maneno ya kukopa pale hata moja. Mwambie, "mama yangu alisoma hapo mara mbili."

Kuhusu kuumia kwako. Mwanangu kuumia utaumia, mi sitakudanganya, hata mimi mjomba wako alinipigia simu kutoka Sweden akaniambia dada umeandika vibaya, Orion mbona anasimama, kila siku namwona kasimama juu ya nyumba za watu, na usiku ule sikulala vizuri wakati ndo nilikuwa nimetoka kumwangalia kwa macho yangu. Siku ya pili nikamrudia lile swali la mzee, "kaka, umesimama wapi?" Akacheka kwenye simu. Yeye anamwangalia akiwa kasimama kusini mwa anga lake, mi namwangalia akichomoza baharini. Wote tuko sawa. Toka siku ile nikaongeza mstari mmoja pale juu, Pangani, mwezi wa kumi na mbili, saa mbili usiku, na ugomvi ukaisha.

Kwaiyo mtu akikukosoa usimjibu siku hiyohiyo. Kaa nalo, afu muulize alipotea sentensi gani. Akikuonyesha mahali, nenda mahali hapo ukakague. Akishindwa kuonyesha, kama yule mkufunzi wangu, basi yale ni maneno yake, mwachie aondoke nayo, mi niliyabeba miaka mingi na sikupaswa kuyabeba.

Kilimia sa hivi kinazama mapema tu baada ya magharibi, siku chache zijazo hakitaonekana, na mvua bado ipo. Mwezi wa sita kitazuka alfajiri. Kurasa za mwenzio nimezibakiza hapa mezani, akishaandika upya nitumie, nitatoka nazo tena asubuhi hiyo.

Mama yako