Maswali ya Wasomaji: Rungwe kwa Siku Moja

Nataka kuwapeleka wanafunzi 30 wa kidato cha tatu Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na Kijungu, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Muda utatosha?
*Mwalimu wa Jiografia, Mbeya*

Utatosha, Mwalimu, ila anzeni na Ngozi na muwe mmeondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi. Wengi huanza na daraja kwa kuwa halina kupanda. Wakifika Ngozi saa nane mchana, mara nyingi ukungu umeshalijaza shimo lote la volkano lenye ziwa, na jasho lao linaishia kutazama weupe mtupu.

Uyole mnaiacha barabara kuu na kushika ya Tukuyu hadi Isongole. Kutoka lami hadi chini ya mlima ni njia ya udongo. Kiangazi Costa inapita. Masika inakwama, kwa hiyo hesabuni saa moja na zaidi ya kutembea kabla hata ya kuanza kupanda. Lipeni kiingilio, mdai risiti, na mchukue mwongozaji wa kijijini, maana vijia vya msituni vinagawanyika.

Mwanzo wa kupanda ni mpole, katikati ya miti na mianzi. Ugumu uko mwishoni: mizizi ndiyo ngazi, na mikono inafanya kazi kama miguu. Udongo ule ni wa majivu ya volkano, ukilowa unateleza kama sabuni. Kandambili na raba zilizolika soli zibaki kwenye gari. Kila mtoto abebe lita moja na nusu ya maji, na wagawanywe kumikumi, kila kundi na mtu mzima wake, kwani ukingo wa juu ni mwembamba. Ziwa lina urefu wa kilomita 2.5 hivi, nalo halina mto unaotoka. Litazameni kutoka juu; kuteremka hadi majini si safari ya wanafunzi.

Mkishuka, kuleni ndizi Kiwira, kisha mwende darajani. Kijungu kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza, hivyo shikeni barua ya shule na vitambulisho, na muulize getini kabla ya kupiga picha. Hapo Mto Kiwira unatumbukia kwenye tundu la mwamba na kutokea mbele. Jiwe la ukingoni lina ute. Mtoto asiachwe asogee.

Daraja la Mungu lilijengwa na nani? Babu anasema Wajerumani.
*Msomaji, Makambako*

Mwambie babu, kwa heshima zote, kwamba Wajerumani walilikuta. Ni zaha, yaani lava, iliyotiririka kwenye bonde la mto ikapoa na kuganda. Maji yakapenya sehemu dhaifu ya chini, yakala mwamba kidogokidogo, juu pakabaki jiwe gumu. Ukisimama kando ya mto unaona tao lake wazi.

Moto wenyewe si wa kale sana. Mlima Kyejo, jirani wa Rungwe, ulitema zaha miaka 200 hivi iliyopita.

Nimeuziwa sarafu ya Kijerumani inayosemekana imetoka Ziwa Masoko. Nitajuaje kama ni ya kweli?
*Kijana wa Kyela*

Masoko palikuwa na boma la askari wa Kijerumani, Kampuni ya 5, hadi majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) yalipoingia Rungwe Mei 1916. Kwamba Wajerumani walizitupa fedha ziwani ni masimulizi ya wenyeji.

Tazama maandishi na mwaka. Kabla ya 1904 rupia moja, fedha ya koloni la Wajerumani, iligawanywa katika sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, na zile pesa za shaba za mwanzo zina maandishi ya Kiarabu. Kuanzia 1904 sarafu ndogo ikawa heller, na rupia moja ikawa heller 100. Sarafu yenye neno Heller na mwaka wa 1895 ni ya bandia. Ya heller 10 ina tundu katikati. Isipokuwa nalo, mrudishie mwenyewe. Wala usiisugue kwa mchanga: unaondoa kutu pamoja na thamani yake. Na tafadhali usipige mbizi kuzitafuta. Lile ni shimo la volkano, kina kinaanza karibu na ukingo.

Mwezi gani nitapata maua ya Kitulo na pia Ngozi pakavu?
*Msomaji, Iringa*

Hakuna, dada. Maua ya Kitulo, ile hifadhi ya nyanda za juu, hufuata mvua, kati ya Desemba na Machi hivi, na huo ndio wakati njia ya Ngozi ni tope tupu. Juni hadi Oktoba Ngozi inapandika, lakini Kitulo utakuta nyasi kavu, na asubuhi za Juni na Julai jalidi. Kama ni lazima uchague moja, chagua maua, upitie Chimala na Matamba kwa gari lenye breki nzima. Zile kona wenyeji wanaziita Hamsini na Saba, na si kwa mzaha.